Sura ya Tano: Mbwa au Mimi

Nilikikanyaga peku, na mguu bado una maji ya udhu.

Kilikuwa cha moto. Mnielewe vizuri hapo. Hakikuwa kile kikavu ambacho mtu anakizoa kwa koleo na kuendelea na shughuli zake. Kilikuwa kibichi, laini, kikapenya katikati ya vidole vyangu na kuendelea kupanda. Nilisimama kwenye korido, simu yangu chumbani ikiadhini Alfajiri, nikashindwa kuinua mguu na nikashindwa kuuacha chini. Kisha harufu ikafika. Mate yakanijaa mdomoni, nikajishika ukutani.

"Ilias!"

Ndani ya sanduku lake kile kijibwa kilinitazama kwa furaha na kutikisa mkia. Mkia wenyewe ulikuwa umeloa, na kila ulipopiga ubao ulirusha matone. Kilikuwa kimejisaidia humo humo, kikakanyaga, kikaparua, kikasukuma uchafu wote nje ya wavu mpaka njiani kwangu. Yarabi toba!

Mume wangu alitoka chumbani na shuka kiunoni, macho yamevimba usingizi. Aliangalia mguu wangu, akaangalia sanduku, kisha akaniangalia usoni. Siku nyingine macho yale yakinitazama hivyo asubuhi najisahau. Siku hiyo nilitaka kuyatoboa.

"Yasi, usitembee," akasema. "Baki hapo hapo. Naleta maji."

"Nitembee niende wapi? Nipake nyumba nzima?"

"Pole, mupenzi."

"Pole ya nini? Uliniambia nini siku ile ulipokileta? Sema nisikie."

Alipiga magoti na bakuli la maji, akaushika mguu wangu. Alijibu akiwa ameinamia vidole vyangu. "Nilisema mbwa hachafui pale anapolala."

"Na huyu wako analala wapi?"

Aliendelea kuniosha taratibu, kidole kwa kidole, na mimi nikiwa nimefumba macho na kubana pua. Aliniosha mpaka mara saba, moja kwa udongo, kama nilivyomfundisha, kwa sababu najisi ya mbwa haitoki kwa maji na sabuni peke yake. Hata alipomaliza nilikuwa bado nakihisi katikati ya vidole.

Nisiwafiche, Ilias hakuzaliwa Ilias. Alizaliwa Divin, hapa hapa mtaani Mutanga Sud, kwenye nyumba ya baba mwenye mbwa wawili wanaoingia mpaka jikoni. Alinipenda mimi, Yasmina binti Waridi wa mtaa wa Buyenzi, akasilimu kwanza, akanioa baadaye. Waridi huyo, mama yangu, alikaa kwenye nikahi yangu amenuna toka mwanzo mpaka mwisho. Hina ya ndoa ilikuwa haijafutika yote mikononi mwangu, na tayari nilikuwa naishi na mbwa.

Mbwa alikuja kwa sababu ya wezi. Mchana mmoja niliachwa peke yangu, nikawa nasali Alasiri chumbani, wao wakaruka ukuta, wakaingia sebuleni na kubeba cherehani yangu. Niliwasikia nikiwa nimesujudu. Nilibaki pale pale, paji la uso kwenye mkeka, mpaka nikasikia geti linagongana. Ilias aliporudi kutoka kazini Rohero, katikati ya mji, ambako anatengeneza kompyuta kwenye ofisi moja, alinikuta bado niko kwenye mkeka. Wiki ile ile akamleta Bobi kifuani mwake, ndani ya koti.

Nilikubali kwa shingo upande. Mbwa wa kulinda, dini haimkatazi mtu, nikajiambia. Ilias akamtengenezea sanduku la mbao lenye mlango wa wavu. Akakata ubao akaliziba nusu, kwa sababu sanduku likiwa kubwa mbwa anafanya kona moja choo na nyingine kitanda. Likimtosha kugeuka na kulala tu, anajizuia. Akila, anatolewa nje. Akiamka, anatolewa nje. Akicheza kidogo, nje. Uwanja wetu wote ni simenti, isipokuwa kipande cha udongo chini ya ukuta ambapo mwenye nyumba alikuwa amepanda mboga za lengalenga. Hapo ndipo Bobi aliwekwa kila mara, na akimaliza, mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, anampigia makofi: "Vizuri, Bobi! Vizuri sana!" Lengalenga zote zilikufa.

Na kweli, nje alijua. Ukimweka kwenye ule udongo anafanya papo hapo. Sebuleni hakuwahi. Ni ndani ya lile sanduku tu, kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni. Tulimwaga javeli ya kusafishia mpaka macho yanatoka machozi. Tulimnyima maziwa. Hakuna kilichosaidia, na nyumba yangu ya uharusi ikawa inanuka choo cha sokoni.

Sasa rudini pale koridoni. Mguu umeoshwa, sala imechelewa, na mimi nimesimama na upande wa khanga puani.

"Chagua," nikasema. "Mbwa au mimi."

"Yasi, usiniulize hivyo."

"Nimeuliza."

"Anajifunza. Bado mutoto. Muachie kidogo tu."

"Nimuachie mpaka lini? Mpaka anyee kitandani? Sili, Ilias! Nikitia tonge mdomoni naona kile kitu. Jana umenishika mkono nikanusa mkono wako kwanza. Mume wangu mwenyewe, nimemnusa!"

Hilo lilimuuma, nililiona. Alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeulizwa kucha.

"Wale watu walikuwa nyuma ya mlango," akasema polepole. "We uko umesujudu, wao wako nyuma ya mlango. Na mi niko Rohero nafunga skrubu. Kila siku nikiwa kazini naona ule mlango. Sitakuacha tena humu bila kitu cha kulia kama kengele. Mi siwezi."

"Basi umechagua."

"Apana, sijachagua!"

"Umechagua mbwa."

Nilipakia nguo chache kwenye mfuko, nikavaa, nikatoka. Alinifuata mpaka getini akiwa bado na shuka, majirani wanatazama, na mikono yake ameificha vile vile. Hakunishika. Nilitaka anishike, na ningenusa tena, na ningemchukia kwa yote mawili.

*

Nilipofika Buyenzi nilimwambia mama yote. Alinitazama miguu, akanitazama mfuko, akaenda kuchemsha chai. Aliporudi alikuwa na sura ya mtu aliyeshinda.

"Mi nilisema," akaanza. "Sikusema? Mutu amekula na mbwa toka utoto. Utamutoa mbwa rohoni kwa kuoga na kubadilisha jina?"

"Mama, anasali. Anafunga. Hakosi."

"Anasali na anakuletea mavi ya mbwa kwenye udhu wako. Subhanallah! Mutoto wa Waridi!" Akatema pembeni kwa kinyaa, na kinyaa chake kikaniamsha changu, nikaisukuma chai. "Ijumaa namuita baba yako mudogo Hamissi. Akitoka kuswali aje hapa, tuongee. Divin akupe talaka yako kwa heshima, kabla hujashika mimba. Ukishika mimba imekwisha, utalea watoto na mbwa katikati."

"Anaitwa Ilias."

"Kwangu bado ni Divin."

Sikubisha. Hapo ndipo aibu yangu ilipokuwa: nilikuwa naona mama ana haki. Nililala kwenye kitanda changu cha usichana, mashuka yananukia udi, sakafu imepigwa deki, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilikula sahani nzima. Ilinibidi nikubali kwamba nimefurahi kuwa mahali pasafi. Kisha giza likaingia, nikageuka upande wa Ilias, nikapeleka mkono, nikakuta ukuta.

Jamani, mapenzi hayana adabu! Unamkimbia mtu kwa harufu, na usiku unamtafuta kwa harufu. Sabuni yake, waya za kompyuta zilizopata moto, yale mafuta ya ndevu anayojipaka mengi kupita kiasi kwa sababu aliambiwa ni sunna. Nililia nimeziba mdomo mama asisikie.

Yeye alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti. Watu wengine waume zao wakiwabembeleza wanawaimbia. Wangu alikuwa ananipa habari za choo.

"Yasi, asalam aleikum. Leo Bobi amefanya nje baada ya kula, vizuri kabisa. Lakini nilipomurudisha kwenye sanduku, amefanya tena humo. Sijui. Nimesogeza ubao, amebanwa kabisa, bado anafanya. Nimeosha. Nyumba iko safi. Iko kimya. Bon… ni hayo tu. Nakupenda."

Nilisikiliza kila mmoja mara nyingi, nikiwa na kichefuchefu na nikiwa nalia. Sikuujibu hata mmoja.

*

Asubuhi ya Ijumaa mama alikodi teksi. "Tuchukue vitu vyako vyote kabisa," akasema. "Hamissi akija akukute huna kitu kule, kila kitu kiko huku. Mutu akishaona kabati tupu hasumbui." Alivaa buibui lake zuri, lile la Ijumaa, akajipulizia manukato mengi kwa ajili ya nyumba anayokwenda.

Geti letu la Mutanga Sud halikuwa limefungwa. Mama alisimama pale pale.

"Mi siingii nyumba ya mbwa. Niko hapa. Fanya haraka."

Nikazunguka nyuma ya nyumba, maana nilisikia maji huko. Ilias alikuwa amechuchumaa uwanjani, suruali ya kazi imekunjwa mpaka magotini, sanduku limelazwa mbele yake. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tena mtaani, alikuwa anatumia ya bidoni, yaani dumu, kikombe kwa kikombe. Hakuniona. Alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, kwa makini kabisa, kama anasoma sura ambayo anaogopa kuikosea.

"Tano. Sita."

Kisha akachota udongo kwenye kopo, akaumwaga kwenye mbao. Akaupaka kila mahali, kwenye kona, kwenye nyufa, akisukuma kwa kidole. Mikono yake ilikuwa imechubuka mpaka kuwa myekundu. Akamwagia kikombe kimoja cha maji juu yake, kimoja tu, akiyabania.

"Saba," akasema. "Alhamdulillah."

Alilisimamisha sanduku. Udongo ulikuwa umebaki kwenye nyufa zote na kwenye sakafu yake, mweusi, umeloa. Bobi, aliyekuwa anazunguka miguuni pake, akaja. Akatia pua. Akanusa ubao huu, akanusa ule. Akaingia, akajizungusha, akachuchumaa, na mbele ya macho yangu akakojoa kwa raha zake zote.

"Apana, Bobi! Apana, weee!" Ilias alimnyanyua mkojo ukiwa bado unatoka, akakimbia naye mpaka chini ya ukuta, kwenye ule udongo, akamweka. "Hapa! Ni hapa, mwanangu, ni hapa tu."

Akarudi, akalilaza sanduku, akachota kikombe cha maji. "Moja," akasema, na sauti ikamkatika.

Niliangalia udongo ndani ya sanduku, nikaangalia udongo chini ya ukuta, nikaangalia kopo.

"Ilias. Huo udongo unautoa wapi?"

Alishtuka mpaka kikombe kikaanguka na kopo la udongo likapinduka. Alisimama, akataka kunijia, akakumbuka mikono yake, akairudisha nyuma. "Yasi! Umerudi?"

"Nimekuuliza. Udongo unautoa wapi?"

"Pale." Akaonyesha kwa kidevu. "Ukutani."

"Pale anapokojoa?"

"Uwanja wote ni simenti. Mwingine niutoe wapi?"

"Yarabi! Toka siku ya kwanza? Hata ule ulionipaka mguuni?"

Akautazama mguu wangu. Jibu nilikuwa nalo. Nilihisi mguu wangu wa kulia unawasha wote, vidole vikajikunja ndani ya kiatu. Mume wangu alikuwa ananitakasa kwa choo cha mbwa. Nilikuwa nimesali kwa mguu ule!

"Udongo lazima uwe safi, Ilias! Safi! Unaosha najisi kwa najisi!"

"Ulisema udongo," akasema kwa unyonge. "Hukusema gani. Mi hayo mambo sikuzaliwa nayo, Yasi, nakamata vile unaniambia. Umesema saba, nafanya saba. Umesema udongo, naweka udongo. Asubuhi kabla ya kazi, jioni nikirudi. Sijaruka hata siku moja."

"Na huyo umemfundisha mwenyewe kwamba akinusa udongo wa pale ndiyo choo. Makofi umempigia! Halafu unamletea choo chake kitandani, asubuhi na jioni, unakipaka mpaka kwenye kona. Afanye nini? Mbwa anakutii, mwanaume wewe!"

Aliliangalia sanduku. Nikaona inamwingia polepole, kutoka machoni mpaka mabegani. Akakaa chini kwenye simenti iliyoloa mkojo, na suruali yake ya ofisi.

"Yampayinka," akashangaa kwa lugha ya nyumbani kwao, kwa sauti ndogo.

Nilitaka kucheka na nilitaka kutapika. "Lakini mimi sikuwepo," nikasema. "Nilikwishaondoka. Sasa ulikuwa unaosha saba kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako. Siku utarudi, ukute unaweza kusali."

Alisema hivyo tu. Hakuniangalia kwa yale macho yake, alikuwa anaangalia vidole vyake vilivyochubuka. Na mimi nilikuwa nimekuja kuchukua nguo. Nilimpenda pale pale, jamani, anavyonuka vile, nikampenda kuliko siku ya nikahi.

"Astaghfirullah!"

Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, buibui amelikunja mkononi. Makelele yetu yalikuwa yamemvuta. "Nimesikia yote," akasema. "Yote! Anamutakasa mwanangu kwa mikojo! Hii ndiyo dini umemufundisha? Mi nilisema, mutu hawezi kuvaa dini kama shati. Yasmina, nguo zako ziko wapi? Twende. Hamissi anatungoja."

Ilias alisimama. "Mama, nisamehe. Nimekosea. Nitatafuta udongo safi, nitafika mpaka Gatumba, nje ya mji, kama…"

"Mi siko mama yako. Yasmina! Nimesema twende."

Alikuwa amesogea, bila kuangalia chini, mpaka pale kopo lilipopindukia Ilias aliposhtuka. Udongo ulikuwa umemwagika miguuni pake. Na Bobi, ambaye wakati sisi tunagombana alikuwa amekunywa bakuli lake zima la maji, akaja mbio, akatia pua kwenye ule udongo, akazunguka mara moja kando ya buibui la Ijumaa la mama yangu.

Mimi ile duara ya Bobi naijua. Nilikuwa nimeitazama tangu siku aliyoletwa. Ilias alikuwa mbali, upande wa pili wa sanduku.

Nilimkamata kwa mikono yangu mwenyewe. Sikuwahi kumgusa kabla ya hapo, hata kwa fimbo. Alikuwa moto, tumbo lake tupu halina manyoya, linapigapiga kwenye kiganja changu, na nilipomnyanyua akaachia. Yote. Mkojo ulinishuka kwenye mikono, ukaingia ndani ya mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko, ukanipiga kifuani, ukateremka mpaka kwenye viatu. Nilikimbia naye nimembeba mbele, naona giza, napumua kwa mdomo, nikamweka chini ya ukuta kwenye udongo wake. Akamalizia matone mawili. Akaniangalia.

"Vizuri," nikamwambia, meno yamebanana. "Vizuri sana, mbwa mjinga wewe."

Nikageuka. Mkojo ulikuwa unadondoka kwenye ncha za vidole vyangu. Nilikuwa na kinyaa ambacho sijawahi kukiona maishani, nywele za shingo zimenisimama, na nilijua nikifungua mdomo zaidi ya mara moja nitatapika. Ilias alinijia. Safari hii hakuificha mikono yake nyuma, aliinyoosha, michafu vile vile, nami nikaishika kwa yangu iliyo michafu zaidi.

Mama aliziba pua kwa mtandio. "Yasmina," akasema kwa sauti iliyozibwa. "Ona nguo zako. Sasa utapanda vipi kwenye teksi?"

"Sipandi, mama."